Mwaka Niliozing'arisha Nywele za Awuor

Bi Saumu alifariki alfajiri ya Jumatatu, na kufika alasiri alikuwa ameshazikwa. Habari zilinikuta nimeshika kichwa cha mteja, povu mpaka kwenye viwiko, na nilipofika Kaloleni wanaume walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini na udongo kwenye viatu. Nikaingia upande wa wanawake, nikapewa nafasi kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni. Ndani mlinukia ubani na kitunguu kinachokaangwa. Nyuma yangu kina mama wawili walikuwa wanamsifu marehemu kwa sauti ya chini. "Alikuwa na mkono yule," mmoja akasema. "Miaka yote ile ya blichi na rangi, hajawahi kumvunja mtu nywele." Mwenzake akauliza, "Hata mmoja?" Akajibiwa, "Hata mmoja." Nikainamisha uso nikatazama sinia la kahawa lililokuwa mbele yangu. Walichosema kilikuwa kweli. Katika ule mwaka wangu pale kwake, hakuna unywele uliovunjika. Lakini kuna jambo la mwaka huo nililomwambia Bi Saumu peke yake, na sasa ameondoka nalo, nimebaki nalo mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayahusiki hapa. Saluni ya Bi Saumu ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani, nyuma ya soko la Kibuye mjini Kisumu, unapanda ngazi za chuma zinazolia kila ukikanyaga. Kulikuwa na viti vitatu, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, sinki moja la kuoshea nywele ambalo mfereji wake ulitoa maji siku mbili kwa wiki, na nyuma ya pazia la maua palikuwa na stovu ya mafuta ya taa, sufuria ya kupashia maji na mitungi ya lita ishirini iliyopangwa ukutani. Dirishani uliona mabati ya soko na marundo ya mitumba, na chini kabisa, upande wa pili wa kichochoro, kibanda cha Mama Pamela cha chai na maandazi. Saa za mchana tulikula hapohapo kwenye viti vya wateja, ugali na omena kutoka kwa Mama Pamela, au chapati na maharagwe, na Ijumaa Bi Saumu alikuja na pilau ndani ya bakuli lililofungwa kwa leso. Harufu ya blichi haikutoka chumbani hata tukifungua dirisha. Iliingia kwenye chakula. Mpaka leo pilau nikiila mahali pengine naona kama imepungukiwa na kitu.

Wateja walikuja kwake kutoka mbali kwa sababu moja. Nywele nyeusi, nzito, za kwetu hizi, alizifanya ziwe rangi ya kahawa, ya shaba, ya asali, na zikabaki nywele. Kwingineko mjini ungetoka na rangi uliyoitaka, na baada ya wiki mbili nywele zikaanza kubaki kwenye mto. Bi Saumu alikuwa na subira mpaka ikaudhi. Mteja alikatazwa kuosha nywele siku nne kabla, ili mafuta ya kichwani yamkinge ngozi. Alijaribu dawa kwanza kwenye kishungi kidogo nyuma ya sikio, akakikata, akakilowesha na kukivuta kwa vidole. "Unywele ukiuvuta ukarudi, una uhai," alinifundisha. "Ukivutika kama ubani wa kutafuna usirudi, huyo mrudishe nyumbani, hata akulilie." Unga wa blichi aliuchanganya na dawa ya namba ishirini, hajawahi kugusa ile kali ya arobaini. Alipaka kuanzia katikati ya nywele, mizizi akaiacha mwisho, kwa sababu joto la kichwa huiwahisha. Alichungulia kila dakika tano. Na hakuna kichwa alichokitoa weusi mpaka asali kwa siku moja. "Unapandisha hatua moja, unaziacha zipumue wiki sita, unazilisha. Yai, parachichi, mafuta ya nazi. Kisha ndiyo hatua nyingine." Nilimwamini kama nilivyoamini maneno ya kanisani. Nilijifunza kutazama nywele kiasi kwamba nikikutana na mtu njiani niliweza kukumbuka nywele zake na nisikumbuke uso.

Awuor alikuwa msusi pale, tumelingana umri, yeye akinizidi miezi mitatu ambayo hakunisahaulisha. Alitoka upande wa Bondo, mbele zaidi, karibu na ziwa. Alikuwa mwembamba, ana vidole virefu, na kichwa cha rasta alikimaliza kabla wengine hawajafika katikati. Alivaa sweta hata jua la Januari likipiga, na alikuwa na themosi yake ya maji ya uvuguvugu aliyokunywa siku nzima. Alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ambao sisi pale tuliuita sikoseli. Alizaliwa nao. Kliniki walimwambia mambo machache ambayo sote tuliyajua kwa moyo: anywe maji mengi, asijichoshe, asipigwe na baridi. Akichoka, macho yake yaligeuka manjano. Si kidogo, manjano ya kumfanya mteja akae kando na kuuliza kwa kunong'ona, akidhani hasikii, kama yule msichana anaambukiza.

Siku moja mteja wa namna hiyo alipoondoka, Awuor alikaa mbele ya kioo, akafungua kilemba chake. Sijaona nywele kama zile tena. Zilikuwa nyeusi, nene, zimejaa, hazijawahi kutiwa dawa. "Bi Saumu," akasema, "nataka zangu ziwe za asali."

Bi Saumu hakugeuka. "Zako ni kazi ya Mungu. Ziache."

"Watu wakiniangalia wanaanza na macho. Kila mtu. Mtoto, mzee, makanga wa matatu. Nataka waanze na nywele."

Stovu ilivuma nyuma ya pazia. Kisha Bi Saumu akaja, akachukua kishungi kimoja, akakipitisha baina ya vidole kama mtu anayepima kitambaa. "Hizi zitataka mara nne," akasema. "Mwaka mzima. Utaweza kungoja?"

"Nitaweza."

"Na Adhiambo ndiye atakayezishika," akasema akininyooshea kidole. "Mimi nitasimama nyuma yake. Ni wakati wake wa kujifunza kichwa kigumu."

Hivyo ndivyo nilivyopewa nywele za Awuor. Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa Januari. Bi Saumu alisimama nyuma yangu kweli, akinigusa bega tu nilipochukua dawa nyingi. Zikatoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Lazima usimame juani ndiyo uione. Mara ya pili, kwenye mvua za Aprili, zikawa rangi ya kutu. Kila Jumamosi jioni, wateja wakiisha, nilimkalisha Awuor kwenye kiti cha dirishani na kumpaka parachichi lililopondwa na mafuta ya nazi, nikamfunga mfuko wa nailoni na taulo ya moto, na tukala maandazi ya Mama Pamela tukingoja. Hapo ndipo alipokuwa akisema. Aliniambia kuwa utotoni alimsikia nyanya yake akimwambia mama yake asimpeleke shule, kwamba ni kutia maji kwenye kikapu. Aliniambia hajawahi kumpenda mvulana kwa zaidi ya mwezi kwa sababu lazima mwishowe umwambie. Mimi nilisikia, nakumbuka kila neno, lakini vidole vyangu vilikuwa kwenye nywele na akili yangu ilikuwa huko. Nilikuwa nahesabu zilizobaki kwenye kitana. Tatu. Mbili. Siku nyingine hakuna hata mmoja. Nilikuwa nikimwonyesha Bi Saumu kile kitana kitupu kama mtoto anayeonyesha daftari lenye alama za kupata.

Mwezi wa Juni Awuor alishikwa na maumivu. Ilianza miguuni, Jumatatu asubuhi, akiwa amesimama nyuma ya mteja. Aliweka kitana chini polepole, akasema, "Adhis, nipeleke." Tulifika hospitali saa tatu. Alikuwa amefunga leso kichwani lakini ilimtoka kwenye benchi alipokuwa anajipinda kwa maumivu, na nywele zile za kutu zikamwagika mabegani. Nilimtilia leso mdomoni aiume. Nilikwenda kwenye dirisha la mapokezi mara ya kwanza, nikaambiwa ningoje. Mara ya pili nikasema, "Ana sikoseli, dada, tafadhali," nikaonyesha kadi yake ya kliniki, nikaambiwa kuna watu wamefika kabla yetu. Mara ya tatu, wauguzi wawili walikuwa wamenipa mgongo. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Hao wasichana wa kujitia dhahabu kichwani, wikendi wako klabu, Jumatatu wanakuja kuumwa hapa." Yule mwingine akasema, "Wanataka sindano tu. Wanaizoea." Nikarudi kwenye benchi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikupiga kelele. Nadhani nilikuwa bado ni wa kuheshimu mtu yeyote aliyevaa sare.

Alidungwa sindano saa nane kasorobo mchana. Tulikuwa pale tangu saa tatu. Dawa ilipoanza kumwingia alifungua macho, manjano kuliko nilivyowahi kuyaona, akanitazama akatabasamu kidogo. "Nimewasikia," akasema. "Umeona? Sasa wameanza na nywele."

Alikaa wodini siku tisa. Nilimpelekea uji na mchuzi wa samaki, na mtandio wa satini wa kulalia, kwa sababu foronya za hospitali hukausha nywele. Nilikwenda na mafuta pia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alinitazama nikimpaka Awuor nywele mafuta, unywele kwa unywele, huku maji ya dripu yakimdondokea mkononi, akasema, "Na wewe ungemkanda miguu." Awuor akacheka. Mimi niliona haya, nikamkanda miguu, kisha nikarudi kwenye nywele.

Baada ya hapo Bi Saumu alisema basi, tuache pale pale kwenye kutu. Awuor akakataa. Mwezi wa Agosti tukapandisha mara ya tatu, zikawa chungwa, chungwa la kuchekesha, na wanawake wa soko walimpigia vigelegele vya kejeli alipopita katikati ya mafungu ya nyanya. Hatua hiyo kila mtu huipita na wengi huvunjika moyo hapo, hukimbilia dawa kali. Bi Saumu alitupa shampuu ya buluu ya kupoza ule wekundu, akasema tungoje mwezi wa kumi na mbili ndipo tumalizie. Nywele zilikuwa nzuri. Nilizivuta zikarudi.

Novemba mvua zikaja na nguvu. Dada yake Bi Saumu aliishi Ahero, na maji yalipoingia nyumba za huko Bi Saumu alikwenda kumtoa, barabara ikakatika nyuma yake. Akawa huko siku ya tatu, ya nne. Saluni nikaachiwa mimi. Siku ya tano, Ijumaa, hakuna mteja, hakuna umeme tangu asubuhi, Awuor akaniambia, "Leo." Alikuwa anaenda nyumbani wiki iliyofuata. Nikampigia Bi Saumu simu, sauti yake ikaja ikikatika. "Ningojee," alisema. "Nakuja Jumapili, Jumatatu. Ningojee, mwanangu."

"Amesema tungoje," nikamwambia Awuor.

"Kila siku kungoja. Ngoja dawa, ngoja mvua, ngoja daktari. Adhis, mimi sina mwili wa kungoja. Na wewe unaweza. Si unaweza?"

Niliweza. Huo ndio ukweli, nilikuwa nataka kuliko yeye. Nilitaka Bi Saumu arudi azikute zimekwisha na akose la kusema. Nikajaribu kishungi nyuma ya sikio, kikarudi vizuri. Nikawasha stovu, nikaweka sufuria ya maji, nikachanganya dawa, nikagawa kichwa mafungu manne. Nje mbingu ilikuwa nyeusi na mara ikaanza mvua ya mawe. Ilipiga mabati kwa nguvu tukawa hatusikilizani, Awuor akipiga kelele kwa furaha na kunyoosha mkono dirishani kudaka mawe. Ilikoma ghafla kama ilivyoanza, ikabaki mvua ya kawaida. Nikachungulia dakika ya tano, ya kumi, ya kumi na tano. Rangi ilikuwa inapanda vizuri ajabu. Ilipofika pale, asali yenyewe, nilisema, "Sasa, twende sinkini," nikaenda nyuma ya pazia kuchukua maji ya moto.

Stovu ilikuwa imezimika. Mafuta yalikuwa yameisha, sijui zamani gani, na maji ya sufuria hayakuwa na hata uvuguvugu. Sikuwa nimetikisa tangi kabla ya kuanza. Mfereji ulikuwa mkavu, na mitungi ya ukutani mitupu. Kulikuwa na mtungi mmoja tuliokuwa tumeukinga chini ya bati, maji ya ile mvua, na vipande vya barafu bado vikielea juu. Nikachovya mkono nikautoa haraka.

Kwa Mama Pamela chini kulikuwa na sufuria kubwa ambayo haikuwahi kutoka motoni. Nilipafikiria. Sitasema kwamba sikupafikiria. Kushuka ngazi, kuvuka kichochoro kwenye mvua, kuomba, kupanda na ndoo, kuchanganya: dakika saba, nane. Dakika nane katika hatua ile ni nyingi. Asali ingepita ikawa manjano ya majani makavu, na nywele zingeanza kuvutika zisirudi. Mwaka mzima. Nikarudi na mtungi mkononi. "Awuor, mafuta yameisha. Ni haya tu, na ni baridi."

Alikuwa ameshalaza shingo sinkini, macho kayafumba. "Baridi vipi?"

"Barafu."

Akafungua jicho moja. "Zimefika?"

"Zimefika. Nikichelewa zitavunjika."

"Basi mwaga. Kwani nitayeyuka?"

Nikamwaga. Blichi haitoki kwa makopo mawili. Lazima isafishwe yote, mpaka ngozi. Nilitumia mtungi wote. Maji yalimshuka shingoni, yakaingia kwenye sweta, na meno yake yalianza kugongana kabla sijafika nusu. Aliuma mdomo asitoe sauti. Mimi nilikuwa nasugua na kusema, "Bado kidogo, bado kidogo." Kisha nikamfunga taulo, nikamvua sweta nikampa langu, nikakimbia kwa Mama Pamela kuleta chai ya moto. Ile njia niliyoiona ndefu ilinichukua muda mfupi kuliko nilivyofikiri.

Alikunywa chai vikombe viwili akitetemeka, nami nikamkausha kwa taulo polepole, kwa kubonyeza, bila kusugua. Mawingu yakapasuka jioni ile na jua likaingia dirishani. Nywele za Awuor zilikuwa rangi ya asali ya msituni, kutoka mizizi mpaka ncha, laini, zinang'aa. Nikapitisha kitana, nikakiangalia, hakikuwa na kitu. Alijitazama kiooni kwa muda mrefu sana. Hakucheka. Alisema tu, "Sasa huyu ndiye mimi." Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwenye kazi hii.

Usiku wake alianza kukohoa. Asubuhi kifua kilimbana asiweze kuvuta pumzi mpaka mwisho. Safari hii hospitali walimpokea upesi, wakamtia oksijeni, wakamwongeza damu. Mama yake alifika Jumapili kutoka Bondo, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, akakaa kitandani kwa mwanawe na mimi nikatoka kuwaachia nafasi. Jumatatu, saa nne asubuhi, Awuor akafa. Nilimfuata daktari kwenye varanda. Alikuwa kijana, amechoka, na alinijibu kwa upole. "Kifua huwapata hawa wa sikoseli," alisema. Nikamuuliza kama maji baridi yanaweza kuleta hali ile. "Yanaweza kuianzisha," akasema. "Hata homa inaweza. Hata uchovu. Wakati mwingine inakuja tu. Mbona unauliza?" Nikamwambia nauliza tu.

Siku mbili baadaye mama yake Awuor alipanda zile ngazi zetu za chuma. Bi Saumu alikuwa amerudi. Tulimpa kiti, hakukaa. Alizungumza nami, si na Bi Saumu. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "tunamchukua Ijumaa. Siwezi kumpeleka nyumbani na kichwa kile. Watu wa kanisa letu watasema alikuwa mtu wa namna gani huku Kisumu. Nataka umrudishie weusi wake."

Nilimtazama Bi Saumu. Nilitaka akatae kwa niaba yangu, aseme kwamba Awuor asingetaka, aseme chochote. Bi Saumu alisema, "Mama ndiye mwenye mtoto," akaenda kwenye kabati, akaniletea rangi nyeusi ya piko, brashi na glavu.

Nilipita kwanza kwa Mama Pamela, nikaomba maji ya moto, nikayatia kwenye themosi mbili. Mhudumu wa mochari alipoziona akaniuliza, "Za nini hizo? Huyo hasikii baridi." Nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Niligawa kichwa mafungu manne. Nilipaka kuanzia nyuma. Nywele zilikuwa bado nzima, zimejaa, na rangi nyeusi ilizishika mara moja, hazikupinga hata kidogo. Mwaka wote ule ulifutika kwa muda usiofika nusu saa. Nikaziosha kwa maji ya uvuguvugu, nikazikausha, nikazisuka mistari sita ya kurudi nyuma. Alizikwa Ijumaa nje ya ua wa nyumbani kwao, ndivyo desturi inavyotaka kwa msichana ambaye hajaolewa, na wanawake wa kanisa waliimba vizuri. Nilisikia mmoja akisema, "Ona alivyotulia. Ona nywele zake."

Wiki ile niliporudi nilimwambia Bi Saumu yote: stovu, mtungi, kibanda cha Mama Pamela. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anakunja taulo. Kisha akauliza, "Kwa nini hukuifuta?"

"Kuifuta nini?"

"Dawa. Kwa taulo kavu. Unaifuta, unakamua, dawa inapungua nguvu. Inakupa robo saa. Unakwenda kuomba maji yako ya moto unarudi." Niliona uso wake unavyobadilika. "Sikukufundisha hilo," akasema. "Sikukufundisha. Miaka yote hii sikuwahi kuishiwa na maji ya moto." Alikaa kwenye kiti cha mteja na ile taulo mapajani, na hatukuwahi kulizungumza tena, ingawa nilifanya naye kazi miaka sita zaidi na nilimtembelea kila Idi mpaka mwaka huu.

Jumamosi baada ya mazishi ya Bi Saumu nilikwenda Bondo. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda sikutaka kuwa peke yangu na jambo lile. Mama yake Awuor amezeeka, mgongo umeinama, lakini sauti ni ileile, na nilipobisha hodi alinitambua kabla sijajitaja. "Adhiambo wa saluni," akasema. "Ingia." Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo, fimbo yake imeegemezwa ukutani. Nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia nimekuja kusema jambo. "Sema," akasema, na vidole vyake havikusimama. Nikasema. Sikupunguza kitu. Nilimwambia hata kuhusu kibanda, kwamba nilipafikiria, na kwamba nilichagua nywele.

Alimaliza kuchambua kiganja alichokuwa nacho. "Najua," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Awuor aliniambia. Ile Jumapili, pale wodini. Alikuwa anacheka na kukohoa. Alisema, 'Mama, Adhis amenimwagia barafu, lakini ona zilivyotoka.' Akaniambia nisikuulize."

"Kwa hiyo ulipokuja saluni ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nje kuku walikuwa wanapekua kando ya ukuta. Nikasema, "Watu wa kanisa..."

"Watu wa kanisa wangesema wiki moja, wanyamaze. Pale mochari kulikuwa na mwanamke wa kutengeneza nywele za marehemu. Alikuja kuniuliza mwenyewe. Nikamkataa." Aliniinulia macho kwa mara ya kwanza. "Nilikutaka wewe. Nilitaka uitoe rangi ile kwa mkono wako. Nilidhani nikiona hivyo nitapata nafuu."

"Ulipata?"

"Hapana. Nilimzika akiwa kama watu wote. Yeye hakutaka kuwa kama watu wote."

Alishika ukuta akainuka, akaingia jikoni, nikasikia vifuniko. Alirudi na ugali na ngege, samaki mzima wa ziwani, kwenye mchuzi, akaviweka mbele yangu, akaleta birika la kunawia, akaninawisha mwenyewe.

"Kula," akasema. "Umetoka mbali."

Nikala. Hakuniambia kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo, akanitazama mpaka ikabaki miiba mitupu kwenye sahani.